Tunda la Kipacha

Mama yake alipofariki, Bi Mchoraji alibaki na nyumba ya vyumba vitatu na mazoea ya kuamka alfajiri bila sababu. Kwa miaka mingi alikuwa akiamka saa hiyo kumgeuza mama ubavu, kumpangusa uso na kumnywesha supu kijiko kwa kijiko. Sasa alikuwa akifumbua macho, anatia miguu sakafuni, ndipo anakumbuka. Hubaki amekaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zikipata baridi, akisikiliza friji ikinguruma jikoni na kunyamaza.

Kazini walimwita Bi Mchoraji kwa sababu ndicho alichofanya: alichora mimea katika taasisi ya utafiti wa misitu. Chumba chake kilikuwa ghorofani, kando ya ukumbi wa makabati yaliyojaa mimea mikavu, kila mmoja umelazwa kwenye karatasi nene na kushikizwa kwa uzi mweupe. Kila kitu kule kilinuka dawa ya nondo, hata sandwichi yake ya mchana. Alikuwa na meza pana, taa ya kukunja shingo, hadubini ya zamani na kikombe kilichojaa brashi. Hakuwa mtu wa maneno. Miaka aliyoishi na mgonjwa ilimfundisha kunong'ona, na baadaye hakuona haja ya kupandisha sauti tena.

Aliyemsemesha zaidi alikuwa Profesa. Mzee huyu alikuwa amestaafu zamani, lakini alikuja kila siku na begi lake la ngozi, kana kwamba barua ya kustaafu ilikuwa ya mtu mwingine. Wawili hao walikuwa wakitengeneza kitabu cha mimea midogo ya sakafu ya msitu. Profesa aliandika, yeye alichora. Mzee alikuwa na sharti moja: kila mmea lazima uonekane jani, ua na tunda.

"Picha isiyo na tunda," alikuwa akisema, "ni hadithi iliyokatiwa umeme. Unabaki gizani unauliza, halafu?"

Kazi ilikwenda vizuri mpaka ikafika zamu ya kipacha.

Kipacha ni mmea ambao mtu anaweza kuukanyaga maisha yake yote asijue. Hausimami, unatambaa. Shina lake jembamba kama uzi wa kushonea viatu hupita juu ya udongo, na kila linapogusa ardhi yenye unyevu hutia mizizi na kuendelea. Majani hutoka mawilimawili, mviringo, mapana kama ukucha wa kidole gumba, kijani iliyokolea yenye mstari mweupe katikati. Miti mikubwa ikipukutisha majani yake, kipacha hakipukutishi. Kinabaki kibichi mwaka mzima chini ya lile zulia la majani makavu, na ukilifunua unakikuta kinang'aa kama kilichopanguswa muda si mrefu. Maua yake ni meupe, madogo, yenye manyoya ndani yanayowazuia sisimizi kuingia kuiba asali. Nayo hutoka pacha, yameshikana kwa chini kwenye kitako kimoja. Vitabu vya zamani vilisema kwamba maua hayo mawili huzaa tunda moja jekundu, lenye vishimo viwili kama macho.

Bi Mchoraji alichora jani kwa siku moja. Ua akalichora kwa siku mbili, kwa sababu ya yale manyoya. Kisha akaenda kwenye makabati kutafuta tunda, asilione. Karatasi baada ya karatasi: majani, maua, majani, maua. Wakusanyaji wote walikuwa wamekichuma kipacha kwenye ule msitu mdogo ulio nyuma ya matangi ya maji ya mji, kwa kuwa ndiko kilikokuwa karibu, na hakuna hata mmoja aliyeleta tunda.

"Nenda mwenyewe," Profesa alimwambia. "Hiki ndicho kipindi chake. Sasa kinachanua. Kaa nacho mpaka kizae, ukichore kikiwa hai. Na upunge hewa kidogo, binti, umekuwa rangi ya karatasi."

Bi Mchoraji alikuwa amevuka hamsini, na hakuna mwingine duniani aliyebaki wa kumwita binti.

Basi akaenda. Msitu wenyewe haukuwa mkubwa: upande mmoja matangi ya maji, upande wa pili ukuta wa hospitali ya zamani, katikati miti mirefu iliyosahauliwa na misumeno. Getini alikaa mlinzi mwenye koti la mvua, kuwe na mvua au jua, ambaye watu wa mtaa walimwita Komeo kwa tabia yake ya kufunga kabla ya wakati.

"Unatafuta dawa?" alimuuliza siku ya kwanza.

"Natafuta tunda la kipacha."

Komeo akakuna kidevu. "Mimi nimekaa hapa tangu nina nywele. Maua naona kila mwaka, ukienda kule kwenye mwinuko utadhani kuna mtu amemwaga chumvi. Lakini tunda? Ukiliona niite na mimi."

Alisema kweli. Chini ya miti, kipacha kilikuwa kimetapakaa kila mahali, kimepanda juu ya mizizi, kimezunguka mawe, kimeshuka hadi kwenye mfereji. Maua yalikuwa mengi kupita kuhesabu. Bi Mchoraji alitandika kipande cha turubai, akapiga magoti, akatazama. Nyuki wanene wenye manyoya walikuja wakiguna, wakaingia ua hadi ua, wakaondoka. Harufu ilikuwa nyembamba, ya kuhisiwa ukiwa umeinamisha uso hadi chini.

Alirudi wiki hiyo yote, na iliyofuata, na nyingine. Aliona maua yakigeuka rangi ya chai, yakanyauka, yakadondoka yakiwa bado yameshikana. Pale yalipodondoka palibaki kitako kidogo cha kijani. Alikitazama kitako kila siku kwa lenzi yake. Hakikuvimba. Kikakauka, nacho kikaanguka.

Jioni alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu, akipita maduka yaliyokuwa yakishusha milango ya chuma. Alipika na kila mara chakula kilizidi, kwa sababu sufuria ndogo ilikuwa ile ya mama na hakutaka kuitumia. Alikuwa akiwasha redio ili nyumba iwe na sauti ya mtu. Watangazaji walicheka wao kwa wao.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kike, ambaye nyumbani walimwita Chiriku. Alipewa jina hilo utotoni kwa kusema tangu anaamka hadi anasinzia, na mara nyingine hata usingizini. Chiriku aliolewa mji wa milimani, akafungua duka la mikate na mume wake. Mama alipougua, alikuja mwanzoni mara kwa mara, kisha mara mojamoja, kisha akawa anapiga simu. Baada ya mazishi, simu nazo zilipungua hadi zikawa salamu: hamjambo, hatujambo, haya basi. Hawakugombana. Laiti wangegombana, pengine mmoja angemwomba mwenzake radhi. Hivi walivyokuwa, hapakuwa na pa kuanzia.

Maua ya mwisho yalipokuwa karibu kwisha, Bi Mchoraji alichuma machache kutoka kila pembe ya msitu, akampelekea Profesa. Mzee akayapasua kwa wembe, moja baada ya jingine, akayaweka chini ya hadubini. Aliyarudia yote mara mbili.

"Njoo uone," alisema mwishowe. "Unaona hicho kijiti cha kike, kimechomoza nje ya mdomo wa ua? Na vifuko vya chavua viko ndani kabisa, chini?"

"Naona."

"Angalia hili. Na hili. Na hili la kule mferejini. Yote ni hivyo hivyo. Sasa, kipacha kina maua ya aina mbili. Kuna chenye kijiti kirefu na vifuko vifupi, kama hiki. Na kuna chenye kijiti kifupi kilichojificha, na vifuko ndio vimechomoza. Chavua ya aina moja haifai kwa aina hiyo hiyo. Inamkataa ndugu yake. Lazima ipate ya mwenzake."

"Na kule mwenzake hayupo."

"Hayupo. Na nitakwambia zaidi. Nadhani kule hakuna mimea mingi hata kidogo. Kuna mmoja. Mbegu moja ilianguka pale, labda kabla mji haujajengwa, ikaota, ikatambaa, ikatia mizizi, ikatambaa tena. Ule msitu wote unaouona umejaa vipacha, ni kipacha kimoja tu kinajizunguka chenyewe."

Bi Mchoraji aliinua uso kutoka kwenye lenzi. Hakujua kwa nini maneno hayo yalimchoma.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo kinachanua bure?"

Profesa alikuwa akipangusa wembe wake. "Bure kwa nani? Nyuki wanakula. Wewe umekaa mwezi mzima unatazama. Mimi sijui bure ni nini, binti. Nimeandika vitabu ambavyo vimesomwa na watu wanne, na mmoja wao alikuwa anatafuta makosa."

Kisha akafunua faili zake za zamani na kukumbuka kwamba mwanafunzi wake mmoja aliwahi kukiona kipacha kwenye misitu ya milimani, juu kabisa, penye baridi. Kule kilichelewa kuchanua. Akataja mji wa karibu.

Ulikuwa mji wa Chiriku.

Alipiga simu jioni ile akiwa amesimama jikoni. Iliita mara moja tu.

"Dada? Kuna msiba?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Kuna ua."

"Ua?"

"Liko huko kwenu msituni. Nataka kuja kuliona. Kama hamna nafasi nitatafuta nyumba ya wageni, hakuna tabu."

Nyuma ya Chiriku kulisikika mlio wa trei za chuma zikipangwa. "Nyumba ya wageni," Chiriku alirudia taratibu. "Haya. Njoo tu, dada. Kitanda kipo."

Alisafiri Jumamosi. Shemeji yake alimpokea kituoni, mtu mpole mwenye mikono iliyoungua alama za tanuri, akamchukulia begi na kuuliza habari za safari mara tatu kwa kukosa la kuuliza lingine. Nyumba yao ilikuwa juu ya duka. Ngazi zilinuka hamira na sukari iliyoungua. Chiriku alikuwa amenenepa, nywele zimeanza mvi mbele, aproni kiunoni. Walikumbatiana kwa kupigana mgongoni kama watu wanaopangusana vumbi.

"Umekonda."

"Wewe umependeza."

"Mimi nimekuwa gunia, usinidanganye."

Walikula, wakazungumza habari za binti yake Chiriku aliyekwenda kusoma mbali, habari za bei ya ngano, habari za paa. Chiriku aliyekuwa haishiwi maneno alikuwa akisimama kila baada ya muda kwenda kutazama tanuri lililokuwa limezimwa.

Asubuhi, kazi ya mikate ilipokwisha, alivua aproni. "Twende. Nitakusindikiza. Huku juu kuna utelezi, na wewe toka zamani huangalii unapokanyaga."

Msitu ulianza pale barabara ilipoishia. Miti ilikuwa minene, imevaa kuvu na ukungu, na maji yalidondoka bila mvua. Bi Mchoraji alimweleza mdogo wake cha kutafuta: jani la ukucha wa gumba, mstari mweupe, maua pacha. Wakaachana hatua chache, wakainama, wakawa wanafunua majani makavu kwa vijiti. Hawakusema kitu kwa muda mrefu. Lakini haukuwa ukimya wa kwenye simu. Walikuwa na kazi mikononi.

"Dada! Si hiki?"

Chiriku alikuwa amepiga magoti kando ya gogo lililooza, magoti ya suruali yake meusi kwa udongo. Mbele yake, kipacha kilikuwa kimepanda juu ya gogo, maua manne au matano yamefunguka. Bi Mchoraji alilala kifudifudi, akaweka lenzi jichoni. Kijiti cha kike hakikuonekana. Vifuko vya chavua vilikuwa vimechomoza mdomoni, vimejaa, vya manjano.

"Ndiyo," alisema. Sauti yake ilitoka kubwa hadi akajishtukia. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo."

Chiriku akacheka. Kisha akaacha kucheka, akabaki amekaa pale chini, akichuna gome la gogo.

"Kwa ua unasafiri siku nzima," alisema. "Mimi hujawahi kunijia."

Bi Mchoraji alikaa kitako. "Nilikuwa na mama."

"Najua ulikuwa na mama. Na mimi nilikuwa naye."

"Sikusema hukuwa naye."

"Hukusema." Chiriku aliendelea kuchuna gome. "Unakumbuka mara ya mwisho nilipokuja? Nilichukua bakuli nimlishe. Ukaninyang'anya kijiko ukanionyesha kinavyoshikwa. Nikajaribu, ukanyang'anya tena. Mwisho nikaenda kukaa sebuleni na majirani. Waswahili wanasema akufukuzaye hakwambii toka."

"Alikuwa anapaliwa, Chiriku. Nilikuwa naogopa. Kila kijiko nilikuwa naogopa."

"Sasa si ungeniambia unaogopa? Tungeogopa wote wawili."

Miaka ile yote Bi Mchoraji alijiona yeye ndiye aliyeachwa. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufungiwa nje na mtu aliyeshika kijiko tu. Alitaka kumwambia mdogo wake hivyo, lakini maneno yalimjia yakiwa yamekauka, kama vitu vya kutoka kwenye makabati yake. Akanyoosha mkono, akamtoa Chiriku jani lililonasa kwenye nywele. Chiriku alimwachia alitoe. Wakainuka, wakachuma maua machache, wakayalaza kwenye kopo juu ya pamba iliyoloweshwa. Mmea wenyewe hawakuung'oa. Profesa alikuwa amemkataza kabisa kuhamisha mizizi kutoka msitu hadi msitu.

Njiani kushuka, Chiriku alimshika mkono penye utelezi. Penye barabara kavu akauachia.

Kule kwenye msitu wa matangi, maua yalikuwa yamebaki kidogo tu, chini ya jiwe lililokuwa likizuia joto. Bi Mchoraji alifika hapo akitoka kituoni moja kwa moja, begi bado mgongoni. Alichukua brashi yake nyembamba kuliko zote, akaigusisha kwenye vifuko vya manjano ndani ya kopo, kisha akaipitisha polepole juu ya kila kijiti cha kike kilichomsubiri. Alihakikisha amegusa maua yote mawili ya kila pacha. Profesa alimwambia kwamba moja likikosa, tunda haliji.

Komeo alikuja akasimama nyuma yake. "Unawapaka poda?"

"Nawaozesha."

"Aa! Na mahari nani kapokea?"

Alicheka, na Komeo akacheka, na siku hiyo geti lilichelewa kufungwa.

Halafu ikawa kungoja. Vitako vingi vilikauka kama miaka yote. Lakini vichache, pale chini ya jiwe, vilishika. Vikavimba taratibu, vikawa vidogo kama punje ya dengu, kisha kama njegere. Vilikaa kijani muda mrefu hadi akadhani vimegoma. Miti ya juu ikaanza kupukutisha, na kila alipokuja ilimbidi afukue majani makavu kwa vidole ili avione. Asubuhi moja alifukua akakutana na wekundu. Macho mawili madogo yalikuwa yakimtazama kutoka kwenye tunda, pale ambapo maua mawili yalikuwa yameshikana.

Alimwita Komeo, kama alivyoombwa. Mlinzi alikuja, akavua kofia, akachutama. "Kumbe," alisema.

Wakati huo Profesa hakuwa akija tena kazini. Begi lake lilikuwa limebaki kwenye kiti. Alilazwa hospitalini kwa mapafu, na daktari, kwa kukosa ndugu wa kuzungumza naye, alizungumza na Bi Mchoraji ukumbini kwa sauti ile aliyoijua vizuri tangu mama alipougua. Ndipo alipogundua kwamba mzee yule mwenye mizaha hakuwa na mtu. Miaka yote aliyoleta begi lake kila siku, alikuwa akitoka kwenye nyumba kama ya Bi Mchoraji.

Alichora tunda likiwa bado shinani, akikaa chini kwenye turubai, koti juu ya koti. Kisha akachuma moja, moja tu, akalitia ndani ya kisanduku cha kiberiti na kulipeleka wodini.

Profesa alikuwa amelala kwa mito mingi, mrija puani. Bi Mchoraji alifungua kisanduku, akakishika mbele ya uso wake. Mzee alitazama. Akageuza kisanduku kwa kidole, akayaona yale macho mawili.

"Maua mawili," alisema kwa pumzi fupi. "Tunda moja."

"Nimelileta ulione. Nitalirudisha, lina mbegu. Na ndege wa chini wanalipenda, wao ndio..."

Kabla hajamaliza, Profesa alilichukua kwa vidole viwili, akalitia kinywani.

"Profesa!"

Alitafuna taratibu, amefumba macho. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakitazama. Alimeza, akafungua macho, na Bi Mchoraji aliona kwamba anacheka, ingawa kicheko hakikuwa na pumzi ya kutokea.

"Vitabu vinasema halina ladha," alisema. "Kweli kabisa. Halina ladha hata kidogo."

Akamshika mkono. Hakuuachia hadi alipolala, na baada ya hapo Bi Mchoraji naye hakuutoa. Alikaa mpaka muuguzi alipokuja kumwambia kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Profesa alifariki kabla ya wiki kuisha. Mazishini walikuja watu wa taasisi, majirani wawili, na Komeo katika koti lake la mvua. Mkuu wa taasisi alimuuliza Bi Mchoraji kama angependa kusema machache, kwa kuwa ndiye aliyemjua zaidi. Alisimama. Alisema kwamba Profesa alipenda picha zikamilike, na kwamba picha zimekamilika. Akakaa. Baadaye aliona haya kwa ufupi wake, lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia kama alifanya vibaya au vizuri.

Kitabu kilikwenda kwa mpiga chapa. Msituni, matunda yaliyobaki chini ya jiwe yalitoweka moja moja. Komeo alisema alimwona ndege wa kahawia akichakura pale, akidonoa na kukimbilia vichakani na kitu chekundu mdomoni. Ametua wapi, hakuna ajuaye. Mbegu za kipacha huchelewa. Huweza kulala udongoni miaka kabla ya kuamua, na zikiota, jani la kwanza ni dogo mno, si la kuonekana na mtu anayepita kwa miguu. Kama kiliota kipacha kingine mahali fulani katika msitu ule, Bi Mchoraji hakukikuta. Alitafuta.

Chumbani kwake waliondoa kiti cha Profesa wakampelekea karani aliyehitaji. Palibaki alama nne za miguu ya kiti kwenye zulia. Alianza kuchora mmea mwingine, wa kitabu kingine, cha mtu mwingine aliyemletea maelekezo yake kwa kompyuta na hakupanda ngazi.

Jumapili moja mchana, amekwisha kufua na kuanika, amekwisha kupangusa meza iliyokuwa safi, Bi Mchoraji alichukua simu. Aliishika muda mrefu. Kisha akampigia mdogo wake.

"Dada," alisema Chiriku. "Vipi, kwema?"

"Kwema." Alisita. Friji ilinguruma, ikanyamaza. "Chiriku, mimi sijui kuzungumza kwenye simu. Nikishika simu maneno yanakimbia. Wewe zungumza. Niambie tu leo mmeoka nini."

"Tumeoka nini?"

"Ndiyo. Vyote."

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa na mtu akikaa.

"Haya," Chiriku alisema. "Asubuhi tulianza na ile mikate mirefu, lakini shemeji yako akasahau chumvi, mtu mzima yule, trei nzima ikaharibika, sasa mimi nikamwambia..."

Bi Mchoraji alivuta kigoda karibu na dirisha, akakaa, simu sikioni. Nje, nguo zake chache zilikuwa zikipepea kwenye kamba. Kila mdogo wake aliposimama kuvuta pumzi, alisema, "Ehe," ili ajue bado anasikiliza.